Kisha 86, tutazame nini?



Tangu kurudi kutoka likizo ya Pasaka watu wanatuuliza swali moja tu, sana sana wadogo wetu wa darasa la pili. Wanatukuta pa pompe ya maji, wanatukuta njiani wakati wa kutoka masomo, wanasema: «Bayaya, tulimaliza 86. Sasa tutazame kitu gani?» Sisi ni wanne wenye karte memwari moja, tena yenyewe ni ya mkopo, na hatuwezi kujibu kila mtu peke yake. Basi tuliomba nafasi ndani ya gazeti hili. Mwalimu mwenye kulisimamia alituuliza filme za kuchora zina faida gani kwa mwanafunzi mwenye kungojea egzameni ya taifa. Tulimwomba asome kwanza mpaka mwisho. Alisoma, akafuta mistari sita, akatuachia ingine yote. Tunamshukuru. Picha ya roboti tuliyoichora, ile haikukubali stensili, iliharibika mara mbili, tukaiacha.

Kwa wale wasiojua, tueleze kidogo. Hapa kwetu tunaita yote manga, hata kama manga ni kitabu na filme yake inaitwa anime. Ndani ya filme hizo za Wajapani kuko jamaa moja kubwa ya roboti. Si roboti yenye kutembea peke yake, hapana. Ni roboti ambayo mtu anapanda ndani na kuiendesha, sawa mashinisti ndani ya lokomotivi. Mtu wa kwanza kuweka dereva ndani ya roboti vile na kupendwa na watu wengi ni Nagai Go, na Mazinger Z yake ya 1972. Kisha kukaja Goldorak, ambayo watoto wa Ufaransa waliiona mara ya kwanza tarehe 3 Julai 1978, na tangu siku ile wenye kusema Kifaransa wanajua jina lile. Lakini Goldorak ni shujaa. Anakuja, anapiga, mwovu anaanguka, watu wanarudi kula. Si filme ya namna ile wanayotuuliza. Wanatuuliza juu ya zile za giza, ambako roboti ni chombo cha vita tu sawa kifaru, inakosa mafuta, inavunjika mguu, na mwenye kuwa ndani mara nyingi ni mtoto wa umri wetu.

86 yenyewe mnaijua. Ilitoka kitabuni mwa mwandishi Asato Asato, kitabu cha kwanza 2017, na filme yake ilionyeshwa tangu mwezi wa 4 wa 2021 mpaka mwezi wa 3 wa 2022, sehemu 23. Kuko jamhuri moja ambayo kila asubuhi inatangaza kwamba vitani hakukufa mtu hata mmoja, kwa sababu mashine zake hazina dereva. Ni bongo. Dereva wapo. Ni watu wa rangi ingine ambao serikali iliwafukuza nje ya ukuta, ikawanyima jina la binadamu, halafu ikasema: mashine yenye 86 ndani yake haina mtu ndani. Mtu asipohesabiwa kuwa mtu, hawezi kuhesabiwa kuwa mfu. Binti mmoja mwenye cheo cha jeshi anawaongoza kutoka mji mkuu kwa sauti tu, usiku kwa usiku, anawahurumia sana, hata siku moja kijana mmoja anamlipukia: hujatuuliza hata siku moja majina yetu. Pale sisi wote tulinyamaza. Tulikuwa na telefone moja, vichwa vitano.

Ndiyo, vitano. Tulisema tuko wanne. Tutafika pale.

Sasa shauri letu la kwanza, kwa mwenye kumaliza 86: tazama Iron-Blooded Orphans. Ni moja ya jamaa ya Gundam, ilitoka tangu mwezi wa 10 wa 2015 mpaka mwezi wa 4 wa 2017, sehemu 50 kwa jumla. Mutu asiogope jina Gundam; hata kama hukuona zingine utaelewa. Habari yake iko huko Mars, sayari yenye madini, ambako watu ni maskini na wenye kutajirika wanakaa Dunia. (Mwenzetu mmoja alisema: «Basi ni hapa.» Hatukumjibu.) Kampuni moja ya ulinzi inatumia watoto yatima. Wanawapasua mgongoni na kuwatia kipande cha mashine ndani ya uti, bila dawa ya usingizi, ili mwili wa mtoto na roboti viwe kitu kimoja. Ni watoto tu wanaopasuliwa, kwa maana mwili wa mtu mzima haukubali. Mwenye kushindwa pale anabaki kiwete, anatupwa. Siku adui anakuja, wakubwa wanawaweka watoto mbele na wao wanatoroka kwa nyuma. Basi watoto wanaamka, wanafukuza wakubwa, wanajiita Tekkadan, na kuanza kazi kwa jina lao.

Kitu tulichopenda zaidi si mapigano. Kuko mama mzee mmoja mwenye shamba la mahindi, nao watoto wanakwenda kuvuna kwake. Mahindi, ndugu zetu, kule Mars! Tena yule Mikazuki, dereva mkali kuliko wote, hajui kusoma. Binti wa tajiri anaanza kumfundisha yeye na wadogo ndani ya chombo, kati ya pigano moja na lingine, na yeye mwenyewe alijiomba. Anaandika herufi polepole sana. Ni yeye huyo asiyeogopa kuua mtu.

Sasa tueleze mahali tulipotazamia, kwa sababu bila mahali pale hatungeandika makala hii.

Umeme nyumbani kwetu ni wa kubahatisha, wote mnajua. Karibu na gare kuko mtu mwenye pano za jua, anachajisha telefone za watu, na jioni anawasha televizio ndogo. Ni baba mdogo wa mmoja wetu, nasi wote tunamwita Baba Mdogo. Ni mtu wa kusema kidogo. Mguu wake wa kushoto haukunjiki vizuri. Tulijua kwamba zamani alikuwa soda, basi, hatukuuliza zaidi. Alituruhusu kuweka karte yetu ndani ya televizio yake kisha saa kumi na mbili, kama tunafagia na kama hatufukuzi wateja.

Sehemu ya kwanza ya Iron-Blooded Orphans aliitazama akisimama, waya za chaji mkononi. Wakubwa walipotoroka na kuacha watoto mbele, alicheka. Tulishangaa. Akasema: «Njo vile. Njo vile kabisa.» Akakaa.

Ndipo tulijua. Alichukuliwa mwaka wa 1997, alikuwa na miaka 13. Wakati ule jeshi la AFDL lilikuwa linakuja kutoka mashariki, Lubumbashi ilianguka mwezi wa 4, Kinshasa tarehe 17 mwezi wa 5. Wasomaji wadogo, ninyi mnalijua jina kadogo kama neno la kuchekesha mtu mfupi. Lilikuwa jina la askari. Walikuwa watoto maelfu, na bote za mpira miguuni, walipita ndani ya miji, na watu waliwapigia makofi. «Bunduki ilikuwa inakokota chini,» alituambia. «Miye nilikuwaka mudogo kuliko huyu,» na alionyesha mdogo wetu wa darasa la saba, ambaye alikuwa amekuja kuchajisha telefone ya mama yake.

Toka siku ile Baba Mdogo alikuwa mtu wa sita wa kikundi chetu, na tuseme kweli, alikuwa mwenye kuhukumu filme vizuri kuliko sisi. Sisi tulitazama silaha. Yeye alikuwa na swali moja, alilirudia kila mara: «Aba batoto banakula wakati gani?» Filme ambayo watu wake hawali, hawaoshi nguo, hawaumwi tumbo, aliiita ya bongo. Iron-Blooded Orphans ilipita, kwa sababu wanakula, kuko binti anawaletea chakula na kuwapikia. 86 nayo ilipita. Kule wanapika na wanaosha sahani. Aldnoah.Zero ya 2014, ambayo sisi tuliipenda kwa akili ya yule kijana mkuu, aliitazama sehemu mbili akaenda kulala. Tuna haya kidogo lakini tunaiacha kwenye orodha: ni sehemu 24, nzuri kwa mwenye kupenda hesabu na fizika, si kwa mwenye kutafuta vita vya kweli.

Code Geass tunaitaja mbio tu. Ni sehemu 50, za 2006 mpaka 2008. Japani imekuwa koloni, imenyang'anywa jina lake na kupewa namba, Eneo la 11, na watu wake wanaitwa kwa namba ile. Mwanafunzi wa historia ataipenda, kwa kuwa nchi yetu pia ilibadilishwa majina mara nyingi, na mji tunaokwenda kusomea kisha humanité uliitwa Elisabethville. Lakini kijana wake mkuu ana nguvu ya uchawi ndani ya jicho, na sisi tunaona pale uchawi unapoingia vita vinakuwa mchezo. Mmoja wetu hakubali. Anasema Code Geass ni ya kwanza kuliko zote. Aandike makala yake.

Sasa turudi kwa wazee, kwa maana wengi wenu hamtaki filme za zamani, mnasema rangi ni mbaya. Mnapoteza. Gundam ya kwanza ilianza tarehe 7 Aprili 1979. Mwenye kuitunga ni Tomino Yoshiyuki. Mwanzoni haikupendwa, ilipangwa sehemu 52, ikakatwa kwenye 43. Ni kisha tu, watu walipoanza kununua roboti ndogo za kujenga za Bandai na zile filme tatu za 1981 na 1982 kutoka, ndipo ikawa kubwa. Kijana Amuro ana miaka 15. Anapanda ndani ya Gundam kwa sababu adui amefika kwao na wakubwa wenye kazi ile wamekufa. Chombo kizima kinaendeshwa na vijana na wakimbizi. Katikati ya habari anachoka, anatoroka. Shujaa anatoroka! Kwa Goldorak huwezi kuona kitu cha namna ile. Tena mwanzoni kabisa sauti inaeleza kwamba vita vile, ndani ya muda wa zaidi kidogo ya mwezi mmoja, viliua nusu ya watu wote. Nusu.

Tulijiuliza Wajapani walitoa wapi mawazo haya. Tomino alizaliwa 1941. Takahashi Ryosuke, ambaye tutamsema sasa hivi, alizaliwa 1943. Walikuwa watoto wadogo mwaka wa 1945, miji yao ilipoungua. Na hapa tunataka kuweka jambo moja ambalo mwalimu wa jiografia alituthibitishia. Uranium nyingi ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, hapa kwetu Katanga. Wakati wa vita mawe yale yalipelekwa kwa reli mpaka Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, kisha kwa mtumbwi mkubwa wa kampuni mpaka Léopoldville, kisha Matadi, kisha Marekani. Reli ya kwenda Ilebo inapita Kamina. Inapita mita chache kutoka mahali Baba Mdogo anapochajisha telefone. Siku tulipojua hilo tulikwenda kuangalia reli, sawa wajinga, kama vile itakuwa imeandikwa juu yake.

Haya, Takahashi. Filme zake mbili ndizo tunawashauri zaidi, hata kama kuzipata ni shida. Ya kwanza ni Dougram, tangu mwezi wa 10 wa 1981 mpaka mwezi wa 3 wa 1983, sehemu 75. Ndiyo, 75. Sayari moja ni koloni ya Dunia na inataka uhuru wake. Kijana, mtoto wa mtu mkubwa wa serikali ya Dunia, anaacha baba yake na kujiunga na waasi. Sehemu nyingi wanasema siasa tu: nani anauza nani, nani anaandika makubaliano, nani anayavunja siku inayofuata. Mwenye kusoma habari za 1960 mpaka 1965 hatachoka hata kidogo. Kambi ile ya jeshi ya hapa Kamina, ambayo Wabelgiji waliijenga kisha vita vya pili vya dunia, ilipita mikononi mwa Umoja wa Mataifa mwaka wa 1960, na mwezi wa 11 wa 1964 parakomando wa Ubelgiji walitokea pale kwenda kuruka juu ya Stanleyville. Tunakaa karibu na vitu hivi, kisha tunakwenda kutafuta vita ndani ya telefone.

Dougram inaanza na mwisho wake. Roboti imekaa jangwani, imeharibika, ina kutu. Baba Mdogo alipoiona picha ile alisimamisha filme. Akasema: «Kama magari ya Pweto.» Mwezi wa 12 wa 2000 Pweto ilianguka, na askari wa serikali pamoja na wenzao walikimbilia Zambia, wakaacha magari na silaha nzito kando ya maji. Yeye alikuwa na miaka 16, tayari alikuwa soda wa zamani. Alivuka. Hakutuambia alivuka namna gani, na mtoto wa ndugu yake alitukanyaga mguu ili tusiulize.

Ya pili ya Takahashi ni VOTOMS, tangu mwezi wa 4 wa 1983 mpaka mwezi wa 3 wa 1984, sehemu 52. Hii ndiyo Baba Mdogo anaipenda kuliko zote, na sisi tumeishia kukubali. Roboti zake ni ndogo, karibu mita nne tu, chuma chembamba, zinatengenezwa nyingi nyingi na kutupwa. Kijana Chirico hana roboti yake ya pekee, yenye jina na rangi nzuri. Anachukua ile iliyo karibu, ikivunjika anatoka, anatafuta ingine. Vita vilidumu miaka 100 na vimekwisha, na yeye hajui kufanya kitu kingine. Kwa sehemu nyingi anatembea tu kutoka mahali mpaka mahali, hana neno la kusema, na kila mahali wanamrudisha katika kupigana. Sisi tulisema inaenda polepole. Baba Mdogo alisema: «Haina polepole. Iko vile.» Yeye alitoka jeshini 2005, na karatasi moja na falanga kidogo, na alikaa karibu mwaka mmoja mbele ya mlango wa dada yake bila kazi. Pano ya kwanza ya jua aliinunua kwa kuuza baisikeli.

Sasa tufike kwa mwenzetu wa tano.

Ni mrefu kuliko sisi, anachora vizuri kuliko sisi, roboti iliyokataa stensili ni yake. Mwezi wa pili baba yake aligonjwa, minervali haikupatikana, na alirudishwa nyumbani pamoja na wengine. Tangu pale anabeba mifuko ya mahindi pa gare. Mchana anabeba, jioni alikuja kutazama pamoja nasi, na mabega yake yalikuwa meupe na vumbi la unga. Kisha akaanza kusema kwamba wataandikisha vijana jeshini na yeye atakwenda kujitokeza. Ana miaka 17. Alisema atasema 19, kwa urefu wake nani atakataa. Tulimwambia kwamba sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kabisa kuingiza mtoto jeshini, na kwamba mtu wa Ituri alihukumiwa huko La Haye mwaka wa 2012, miaka 14 ya gereza, kwa kosa la kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 vitani. Alitujibu: «Basi miye niko na 17, haina 15. Na kule banakula.»

Hatukuwa na jibu. Ni sisi tuliompa Iron-Blooded Orphans. Aliitazama mara tatu. Sisi tuliona watoto wenye kuuzwa. Yeye aliona watoto ambao walikuwa pamoja, wenye jina, wenye kula meza moja. Na tuseme haki, filme inaonyesha vyote viwili. Hajaelewa vibaya. Mikazuki anapoteza mkono wa kuume na jicho, na mwenzetu alichora mkono ule mzuri sana, umelegea, kwenye jalada la daftari yake ya kemia.

Tulimwendea Baba Mdogo, tukamwomba aseme naye. Alikataa. Alisema yeye si pasta. Lakini siku ya posho moja mwenzetu alipokuja, wengine walikuwa hawajafika, mmoja wetu tu alikuwa anafagia, na alisikia. Baba Mdogo alikuwa anafunga waya. Bila kuinua kichwa alisema: «Weye unataka kupanda mu roboti. Roboti haiko. Kuko magulu yako tu.» Mwenzetu alicheka, akasema anajua, yeye si mtoto. Baba Mdogo akasema: «Miye pia nilisema vile.» Kisha akamwuliza kama anaweza kushika ngazi kesho, kuko pano ya kupandisha juu ya duka la mutu. Ndiyo yote.

Filme ya mwisho kwenye karte yetu ni War in the Pocket. Ni Gundam ya 1989, sehemu 6 tu, inamalizika kwa siku moja. Tunaiweka mwisho wa shauri letu ingawa wengi wataanza nayo kwa sababu ni fupi. Msianze nayo. Kijana Al ni wa shule ya msingi. Yeye na wenzake wanapenda vita, alama ya cheo ya askari ni hazina kwao, na siku roboti zinaanguka ndani ya mji wao anakimbia kuelekea kule, si kutoka kule. Anapata rafiki, askari kijana wa upande wa adui, mwema kabisa. Na jirani yake, dada anayempenda sawa yaya yake, ana siri yake pia. Tutasema hapa tu. Mwisho hatuuelezi, mtu atakayewaeleza ni mwizi.

Baba Mdogo aliitazama yote sita pamoja nasi, usiku mmoja, ile nyumba yake ndogo imejaa. Sehemu ya kwanza, watoto walipokuwa wanashindana nani amepata kitu cha askari, alisema kwamba ndani ya kila mji waliopita watoto waliwafuata kuomba maganda ya risasi, na yeye aliwapa, alijiona mkubwa. Walikuwa watoto wa umri wake. Alisema hivyo tu. Sehemu ya sita ilipokwisha, ile ya mwisho kabisa, pale uwanjani mwa shule, alitoa waya zote za chaji moja moja, telefone za watu pia, hata zile ambazo hazijajaa, akatuambia twende kulala. Kesho yake wateja walikasirika sana. Sisi tulidhani hatatukubali tena. Kisha siku tatu alituma mtoto kuja kuuliza kama ile ya kwanza ya Gundam, ya 1979, tunayo yote ama nusu.

Mwenzetu hakuwa pale usiku ule. Alikuwa anashusha mahindi ya gari lililochelewa. Tulimpa karte ili atazame peke yake kwenye telefone ya shangazi yake. Tulimpa na madaftari ya kemia na ya Kifaransa, maana mwalimu mmoja, hatutaji jina, alisema akirudi kabla ya mwisho wa mwezi atamkubali kwenye mtihani, minervali itatafutwa. Madaftari alirudisha, amenakili kurasa zote mpaka sura ya chumvi na asidi, mwandiko mzuri kuliko wetu. Karte angali nayo. Juu ya kujiandikisha hakusema ndiyo wala hapana. Wakati huu anashika ngazi kwa Baba Mdogo siku mbili kwa juma, siku zingine anabeba.

Basi kwa wadogo wetu wa darasa la pili wenye haraka: Dougram na VOTOMS ziko ndani ya karte ya pili, ya mkubwa wetu aliyerudi kutoka Lubumbashi, mtu aje na telefone yenye nafasi, tunahamisha kwa bure siku ya tano kisha masomo, nyuma ya refektuari. Maandiko ya chini ni ya Kifaransa, asiyesoma mbio akae karibu na mwenzake. Yenye War in the Pocket mtangoja. Iko kwake, na hatutaki kumwomba airudishe kwanza.